Noti za Zamani na Saa za Karani

Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 2019, katika sherehe zilizofanyika Narok, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Dkt. Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti mpya zimetolewa, na kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 hazitakuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba mwaka huo. Shabaha ilikuwa kuwabana wenye fedha za wizi na watengenezaji wa noti bandia. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini kila jambo jema lina watu wanaolibeba mabegani, nao ni nadra kutajwa katika hotuba.

Mmoja wao alikuwa karani wa benki moja mjini Wote, katika Makueni. Kazi yake ilikuwa kupokea na kutoa fedha dirishani. Miezi ya kwanza watu walikuja kidogo kidogo, maana ni desturi ya binadamu kungoja siku ya mwisho. Septemba ilipokaribia kwisha, foleni ilifika barabarani. Alikuja mama mwenye fedha za ndengu zilizofungwa katika pindo la leso. Alikuja mzee kutoka ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, aliyekuwa ameweka bei ya fahali wake ndani ya kopo. Karani aliwapokea wote kwa adabu na kuwaeleza kwa Kikamba, wala hakumwaibisha asiyejua kusoma.

Huenda msomaji akadhani kwamba mlango wa benki ukifungwa kazi nayo imekwisha. Sivyo. Ndipo kazi ya pili inapoanza. Noti za zamani hutengwa na mpya, hukaguliwa, huhesabiwa, hufungwa mia mia na kuandikwa, na jumla yake haina budi kulingana na vitabu hata shilingi ya mwisho. Zikipungua, karani ndiye aulizwaye, na mara nyingi hutakiwa kulipa kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo saa za mwisho za siku ndefu ni saa za hatari: macho yamechoka, na noti mbili zilizogandamana zaweza kumla mtu ujira wa siku nzima.

Kwa majuma mawili karani huyo alifika nyumbani watoto wamekwisha lala. Mshahara ulipotoka, alikuta ni ule ule wa siku zote. Alipouliza, aliambiwa kwamba ile ilikuwa kazi ya taifa, na kwamba kila jioni wafanyakazi walipewa chai na mkate. Naye akanyamaza, kwa kuwa hakutaka kuonekana mchoyo wa nguvu zake.

Alipokwenda kumtazama baba yake, mkulima, alimweleza habari hiyo, akamaliza kwa kusema, "Labda ni kama mwethya, baba. Watu husaidiana."

Mzee akafikiri kidogo, kisha akajibu: "Mwanangu, mwethya haulipwi fedha, lakini hulipwa. Leo nachimba mtaro katika shamba la jirani, kesho jirani yuko kwangu na jembe lake. Je, benki yako itakuja kupalilia ndengu zako?" Halafu akauliza, "Saa zako umeziandika?"

Karani hakuwa ameziandika. Kila shilingi ya wenzake aliiandika, lakini saa zake mwenyewe aliziacha zipotee. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Aliporudi kazini alipekua vitabu vya kufungia hesabu, ambamo baadhi ya siku saa ilikuwa imeandikwa. Alizinakili kwa utaratibu, akamwendea meneja pamoja na mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Meneja hakuwa mtu mbaya. Yeye pia alikuwa amekesha. Saa zilizokuwa na ushahidi zililipwa. Zile zisizoandikwa popote hazikulipwa, wala karani hakuweza kumlaumu mtu kwa hizo.

Yafaa ifahamike kwamba haki hiyo si hisani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, humpa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Kanuni ya jumla ya mishahara nchini Kenya huagiza kwamba saa inayozidi saa za kawaida ilipwe mara moja na nusu, na kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu ilipwe mara mbili. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi, bei ya saa moja hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi kwa 225. Kwa mfano, mwenye shilingi 45,000 ana shilingi 200 kwa saa. Saa 10 za ziada ni shilingi 3,000. Makarani wa mabenki walio katika chama cha BIFU wana pia mapatano kati ya chama chao na waajiri, na yafaa kila mmoja ayasome kabla haja haijamfikia.

Zoezi lilipokwisha, Benki Kuu ilitangaza kwamba noti 209,661,000 zilirudishwa, na 7,386,000 hazikurudi. Hesabu kubwa namna hiyo haikujifanya yenyewe. Ilifanywa na watu waliobaki ndani baada ya mlango kufungwa.

Basi mkulima akiajiri vibarua wa kuvuna, na aandike saa zao kama aandikavyo magunia yake. Naye karani na awe na kijitabu mfukoni, aandike saa aliyoingia na saa aliyotoka, siku hiyo hiyo, kabla hajalala. Taifa likihitaji jasho lake tena, atalitoa kwa moyo mweupe zaidi akijua kwamba limehesabiwa.