Manju na Daftari

Usukumani manju hakungoja kibali cha mtu ili atunge. Tangu karne ya 19 wafuasi wa Gika na wa Gumha, yaani Bagika na Bagalu, wamekuwa wakishindana baada ya mavuno: ngoma mbili huchezwa wakati mmoja, na upande uliovuta watu wengi zaidi ndio mshindi. Mwamuzi ni umati. Kwa hiyo mtu akinambia kwamba mwanamuziki anayejitegemea, asiye na kampuni wala mfadhili, ni kiumbe kipya kilichozaliwa na mitambo, humwuliza kama amepata kufika Bujora mwezi Juni, wakati wa Bulabo.

Hata hivyo, kuna mapya. Manju wa leo wa Shinyanga, Kahama au Geita huingia katika studio ndogo ya mtaani, akalipa kutoka mfukoni mwake, na midundo ya kompyuta ikashika mahali pa wapiga ngoma. Wimbo hufika kwenye simu za wachimbaji, kandokando ya maduara ya dhahabu, kabla redio haijausikia. Bhudagala Mwanamalonja huimba Kisukuma, na wasiojua Kisukuma nao huinuka wakacheza. Umati wenyewe sasa huhesabiwa kwa tarakimu katika intaneti. Sijui Gika angesemaje.

Nami, mtumishi wa serikali niliyezeeka kati ya majalada, lanisumbua jambo moja. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi ngoma na bendi katika kanda, na TBC ikazirithi. Nyimbo hizi za studio za mitaani zina mtunzaji gani? Kadi ya simu ikipotea, wimbo nao umekwenda. Basi nimeanza kuyaandika maneno yake kwa penseli katika daftari la shule. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, maana Kisukuma kina toni, na karatasi haina sauti.

Juzi neno moja lilinishinda. Kijana anayeuza nyimbo alinirudishia wimbo mara sita, kisha akasema, "Mzee, hilo si la siku hizi. Waulize wakubwa." Mwimbaji mwenyewe hajatimiza miaka thelathini! Nikampelekea shangazi yangu. Alilitambua papo hapo, akacheka hadi akafuta machozi, akakataa katakata kunieleza mbele ya watoto.

Daftarini nimeliandika lilivyo, na nafasi ya maana nimeiacha wazi.