Nusu Bei ya Serikali, Nusu Nyingine ni Yenu Wawili

Wapenzi wengi wanagombana kuhusu hela iliyokwisha kutumika. Ni mara chache utasikia wanandoa wakigombana kuhusu hela ambayo ilikuwa haki yao na hawakwenda kuichukua. Leo, msomaji wangu, nataka tuzungumzie hiyo ya pili: punguzo na ruzuku za nishati ya nyumbani.

Usifunue ukurasa mwingine kwanza. Najua mada inaonekana ni ya mafundi umeme. Lakini mimi na mume wangu ilitukalisha hadi saa saba usiku, na tulichokuwa tunabishania si umeme wala gesi. Tulikuwa tunabishana kuhusu mama.

Mama ninayemsema ni mama mkwe. Anaishi Mnyuzi, wilayani Korogwe, kando ya reli iendayo Tanga, kwenye nchi ya mashamba ya mkonge. Umri umeshavuka sabini, analea wajukuu wawili, na anapikia kuni kwenye mafiga nyuma ya nyumba. Ukifika jioni utamsikia kabla hujamwona, kwa sababu ya kikohozi. Ukimwambia "pole mama", anakujibu, "Moshi tu huu mwanangu, nimeuzoea." Na hapo jirani tu, Hale, kuna kituo cha umeme wa maji cha megawati 21 kilichojengwa tangu mwaka 1964!

Wenzetu wanarudishiwa, sisi tunapunguziwa

Nchi za wenzetu, ukifanya nyumba yako itumie nishati kidogo, unalipa kwanza kisha unadai sehemu ya hela yako. Marekani, kwa mfano, mtu aliyeziba nyumba isipoteze joto au aliyebadilisha madirisha alipunguziwa kodi kwa asilimia 30 ya gharama, kwa kiwango chenye ukomo, mpaka utaratibu huo ulipofikia mwisho wake Desemba 2025. Majirani zetu Uganda mwaka 2007 walitumia njia nyingine: serikali iligawa balbu 800,000 za kubana matumizi, unatoa ya zamani unapewa mpya bure.

Kwetu hakuna hundi inayokufuata nyumbani. Nafuu yetu imefichwa ndani ya bei, mwanzoni kabisa. Ukilipa bei kamili, imetoka hiyo, hakuna wa kukurudishia. Kwa hiyo ujanja wote uko katika kujua kabla ya kutoa mfuko.

Mfano mzuri ni kuunganishiwa umeme. Kwa bei zilizotangazwa mwanzoni mwa 2022, mtu wa kijijini analipa Sh 27,000, wakati mtu wa mjini aliye karibu na nguzo analipa Sh 320,960. Kama unajenga kwenu kijijini na unaahirisha umeme kwa hofu ya gharama, hebu kaulizie tena.

Anza na risiti ya LUKU

Sisi tulianza na kitu kidogo sana: risiti ya LUKU ya mama. Alikuwa ananunua umeme wa Sh 5,000 mara tatu, wakati mwingine nne, kwa mwezi. Nikaangalia uniti: 14. Nikamwuliza jirani yake, naye kwa Sh 5,000 hiyo hiyo anapata uniti 41. Nyumba zinatazamana!

Maelezo yake ni haya. Kuna kundi la wateja wa majumbani wanaotumia umeme kidogo, linaitwa D1. Kwa bei zinazotokana na agizo la mwaka 2016, hao wanalipa Sh 100 kwa uniti, mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Wakivuka, zile za ziada ni Sh 350 kila moja. Kundi la T1 linalipa Sh 292 kwa kila uniti. Juu ya hapo weka VAT asilimia 18, ya nishati vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Piga hesabu mwenyewe utaona 41 na 14 zinatokea wapi, kama hakuna kodi ya jengo iliyokatwa humo.

Kwa nini mama yuko T1? Shemeji yangu aliwahi kuuza soda chumba cha mbele, na friji lilikuwa linakula umeme usiku na mchana. Biashara ilikufa, friji likabaki linapoza chupa mbili za maji. Tukalizima. Tukabadilisha na balbu nne za zamani za wati 60. Balbu ya namna hiyo ikiwaka saa tano kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 haifiki hata uniti moja na nusu. Kwa balbu nne tofauti ni uniti 30 na ushee, kwa gharama ambayo kijana wa mjini anaimaliza kwa chipsi mayai na soda jioni moja.

Miezi ilipopita na matumizi yakakaa chini, tukaenda kuomba mama ahamishiwe kundi la D1. Tulibeba namba ya mita, kitambulisho chake na barua ya serikali ya kijiji, kwa sababu mita ilikuwa bado ina jina la marehemu baba mkwe. Sasa uniti 28, ambazo zamani zilimgharimu Sh 10,000, anazipata kwa chini ya Sh 3,500. Umeona hapo? Kupunguza matumizi ndiko kulikomfungulia mlango wa bei nafuu. Lakini mlango wenyewe lazima uubishe.

Mtungi wa nusu bei

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Katika mwaka wa fedha 2024/25, Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ukawa unapeleka mitungi ya gesi ya kilo 6 pamoja na kichomeo chake kwa nusu ya bei. Mgawo ulikuwa mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Kwa mradi mwingine yalikuja majiko banifu, yale yanayokula kuni na mkaa kidogo, kwa punguzo la asilimia 80 na zaidi.

Mitungi 3,255 kwa wilaya kama Korogwe, yenye kata zaidi ya 20, siyo mingi. Anayepata ni yule aliyesikia mapema na mwenye namba ya NIDA. Mama alikuwa nayo, kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya Kurani. Wapo wenzake waliorudi mikono mitupu kwa kukosa hiyo tu. Na kuna kijana mmoja alipita vitongojini "akiandikisha majina" kwa Sh 2,000 kila mmoja, akaishia zake na hela za watu. Shika hili: mtungi wa ruzuku unalipiwa pale unapoukabidhiwa, siyo pale unapoandikwa jina.

Nani atajaza?

Sasa ndipo tulipofika kwenye ule usiku wetu. Mimi nilikuwa na furaha ya nusu bei. Mume wangu alikuwa kimya. Mwishowe akasema, "Mama hajawahi kuniomba gesi."

Nikamwambia, "Hajawahi kukuomba umpeleke hospitali pia, na tulimpeleka."

Akanyamaza tena, kisha akatoa la moyoni. "Mtungi ni siku moja, mke wangu. Ukiisha je? Kuni anaokota bure. Tukianza hili hatuwezi kuacha, na wazazi wako nao wapo."

Nakubali, alichosema kilikuwa kweli tupu. Ruzuku ilikuwa ya kununua, haikuwa ya kujaza. Kujaza mtungi wa kilo 6 kunazidi Sh 20,000, na nauli ya bodaboda kuupeleka Korogwe mjini ni juu yako. Ndiyo maana mitungi mingi ya nusu bei imelala uvunguni, safi kabisa, huku mwenyewe amerudi kwenye mafiga.

Tulipompigia mama asubuhi, hata hakuuliza gesi ni hatari au la. Aliuliza swali moja tu: "Ikiisha, nitakuwa namsumbua nani?"

Wanangu, wazee wetu hawakatai jiko. Wanakataa kuwa omba omba wa kila mwezi kwa watoto wao. Hapo nikaelewa pia kwa nini mume wangu alikuwa mzito. Hakuwa bahili. Alikuwa anaogopa kutoa ahadi kwa mama yake halafu aje aivunje.

Tukakaa na kalamu. LUKU inaokoa zaidi ya Sh 6,500 kwa mwezi, hiyo tayari ni robo ya mtungi. Kilichobaki tukakigawana nusu kwa nusu, kikaandikwa kwenye bajeti ya nyumba, mstari mmoja chini ya kodi ya nyumba. Wazazi wangu nao wana mstari wao. Hela haisubiri mama apige simu, inakwenda tarehe 5 kwa mjukuu mkubwa anayepeleka mtungi. Makande na maharage mama bado anapikia kuni, na hatumsumbui kwa hilo. Chai, uji na chakula cha usiku ni gesi. Mtungi wa kwanza ulimfikisha wiki tano.

Kabla hujapanga foleni

Kama nawe una mama, bibi au nyumba yenu wenyewe ya kuifikiria, fanyeni haya mkiwa wawili:

Angalieni risiti ya LUKU. Sh 5,000 ikitoa uniti 14 wakati mnatumia chini ya 75 kwa mwezi, mnapunjika. Nendeni ofisi ya TANESCO mkaulize.

Zimeni kinachokula bure, badilisheni balbu, kisha ndiyo mwombe kubadilishiwa kundi.

Hakikisheni kila mzee ana namba ya NIDA na anajua ilipo. Ulizeni kwa mtendaji wa kijiji kama mgawo wa mitungi au majiko unakuja, na usajili unafanyika lini.

Msilipe mtu kwa kuandikwa jina.

Na la mwisho ndilo gumu: kabla ya kuleta mtungi wa nusu bei, kubalianeni nani anajaza, kwa hela ipi, tarehe ngapi. Mkishindwa kukubaliana, chukueni kwanza jiko banifu, maana halidai chochote mwisho wa mwezi. Mkikubaliana, mwambieni mzee tarehe yenyewe, asikie kwa sauti zenu wote wawili. Serikali inaweza kulipa nusu ya jiko. Kumtoa mama kwenye moshi moja kwa moja, hiyo kazi ni yenu.