Bei Ni Ileile, Gorogoro Ndiyo Imebonyezwa

Kama umewahi kutumwa mahindi sokoni hapa Kitale, unaijua gorogoro. Ule mkebe wa kilo mbili ambao kila muuzaji anao. Mama yangu huwa haulizi bei kwanza. Anaokota gorogoro, anaigeuza, anaangalia kitako. Akikuta kimegongwa kikaingia ndani, anairudisha polepole na kwenda kwa mama wa pili. Hagombani na mtu. Anajua bei ni ileile soko nzima, lakini mkebe uliobonyezwa chini unakupa mahindi kidogo na bado unaonekana umejaa hadi juu.

Mimi ni mtoto wa huyo mama. Na kwa miaka mitatu nimenunua bando karibu kila siku bila kugeuza mkebe hata mara moja.

Najua wengine wenu mnasema, aah, ni stori ya bando tena. Tulieni. Hii ilinipata kwenye matanga ya kuka.

Kuka alitangulia mwaka huu. Boma lake liko upande wa Chwele, kule Bungoma. Alikuwa mzee wa heshima zake, kwa hivyo baada ya mazishi kulikuwa na kumuse. Kwa wale ambao si Wabukusu: kumuse si hotuba ya matanga mnayoijua, ile ya mheshimiwa kushika maiki na kutoa bahasha. Anakuja mzee mmoja aliyerithi kazi hiyo, ana fimbo yake, watu wanakaa na kuacha nafasi katikati, na yeye anatembea hapo akienda na kurudi huku akizungumza. Anaanza mbali, kwa asili ya watu wetu na walikotoka, anashuka kwa koo, anaonya, anapatanisha, na mwisho anafika kwa marehemu na jamaa yake. Akiwa amesimama, hainuki mtu kuzurura. Unakaa. Hata kama wewe ni nani.

Sasa, baba yangu mdogo anafanya kazi Doha. Hakupata ruhusa ya kuja. Alikosa kumzika baba yake mzazi. Usiku wa kuamkia kumuse alinipigia na kuniambia, "Mwanangu, wewe si ndiwe mtu wa video? Nionyeshe ya baba yangu. Nataka nikae na nyinyi."

Wasee, mimi nimewahi kulipwa kurusha harusi laivu. Nimerusha mechi za mtaani hapa Matisi. Nikamwambia, "Baba, usijali hata kidogo."

Asubuhi nilitoka Kitale na mathree, nikashuka Kamukuywa kubadilisha gari la kwenda Kimilili na Chwele. Hapo Kamukuywa, nikingoja gari lijae, nikanunua bando yangu ya kawaida. Shilingi 100. Jina lile ninalolijua, namba ile ninayobonyeza hata nikiwa nimefunga macho. GB 3, saa 24. Kwa uzoefu wangu, kurusha video kwa ubora wa kati hula kama GB 1 kwa saa, kwa hivyo nilikuwa na saa tatu. Kumuse ingeanza saa nne. Kwenye simu nikabaki na bob 30. Nilijiona nimejipanga.

Kumuse ikaanza. Niliweka simu kwenye kigoda, Baba Mdogo akaingia, nikamwona kwenye kile kidirisha kidogo akiwa amevaa shati jeupe, amekaa wima kama yuko nasi. Mzee akatembea. Akatupitisha historia yote. Akaingia kwa ukoo wetu. Watu wakaanza kukohoa na kujiweka sawa, kwa sababu sasa anakuja kwa kuka.

Hapo ndipo picha iliganda.

Nikadhani ni mtandao. Nikasubiri. Kisha ikaingia meseji: umemaliza data yako. Nimemalizaje? Hata saa mbili hazijaisha. Nikanunua ya mbao haraka haraka. Ikarudi dakika chache, Baba Mdogo akasema "halo, halo", ikakatika tena. Nilibaki na bob kumi. Binamu yangu mwenye hotispoti alikuwa amekaa ng'ambo ya pili, na katikati yetu ni pale mahali mzee anatembea. Nani atainuka avuke? Si mimi.

Basi nikafanya kitu pekee kilichobaki. Nikarekodi. Nikakaa pale nikimsikia mzee akimtaja kuka kwa majina yake yote, akiwataja watoto wake mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa yule wa Doha akauliza yuko wapi. Watu wakageuka kuniangalia mimi na simu yangu. Nikatikisa kichwa.

Jioni nilikuwa nimewaka. Nilikuwa tayari kuandika posti ya kuwatukana watu hadi simu iishe moto. Lakini kabla sijaandika nikasema wacha nichukue ushahidi. Nikarudi kwenye meseji ya kununua. Nikaisoma, kwa mara ya kwanza tangu niwe mteja. Ilisema hivi, kwa ufupi: GB 1.5 za wakati wowote, na GB 1.5 za kutumia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Jina ni lile. Bei ni ile. Jumla ni ileile GB 3. Kitako kimegongwa.

Na si hivyo tu. Nilipopekua zaidi, katikati ya meseji za kubeti nilizozoea kufuta bila kuangalia, nikaipata ya siku tisa nyuma. Ilisema bando ninayoipenda sasa ni bora zaidi. Bora zaidi! Kwa nani? Kwa popo?

Sitautaja mtandao wangu, kwa sababu hata nikiwataja, wewe mwenye laini nyingine utaanza kucheka ukidhani uko salama. Fungua menyu yako kwanza. Leo jina hili limeondolewa, kesho limerudi na masaa mengine. Ofa yako si ofa ya rafiki yako, ingawa mmekaa kiti kimoja na mna simu sawa. Hii kitu iko kila mahali.

Niko na msee wangu tuliyesoma naye Kiminini, sasa anafanya kazi jikoni kwenye meli ya watalii, zile zinazozunguka Karibea. Nilimsimulia akacheka. Akaniambia huko pia watu wanalia. Ukishalipia safari, unauziwa vifurushi juu yake: cha vinywaji, cha intaneti, cha kula kwenye mikahawa maalumu. Cha vinywaji kinahesabiwa kwa siku na kwa kichwa, na kampuni kama Royal Caribbean haziuzi kwa bei moja, inategemea meli, safari na siku uliyonunua. Carnival wana kifurushi chao cha pombe chenye kikomo cha vinywaji 15 kwa siku. Intaneti unalipia kwa kifaa. Mimi nilikuwa nadhani kubanwa na vifurushi ni mambo yetu sisi watu wa mbao na soo. Kumbe hata mtu aliyelipa maelfu ya dola anakaa juu ya maji akisoma masharti kwa herufi ndogo. Tofauti ni kwamba yeye akikosea anakosa kokteli.

Wacha nikuwe mkweli, kwa sababu posti ya hasira tupu haisaidii mtu. Kampuni ina hesabu zake. Ukinunua bando ya soo, si soo yote ni yao. Kuna ushuru wa bidhaa kwa huduma za simu na intaneti. Mwaka 2021 ulipandishwa ukafika asilimia 20, Julai 2023 ukashushwa hadi 15. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Piga hesabu: kwa ushuru wa 15, karibu bob 25 ya ile soo inaenda kwa serikali kabla hujafungua video moja. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuurudisha 20, na nyinyi mnakumbuka Juni ya mwaka huo ilivyoisha. Mswada uliondolewa. Tulishinda hiyo.

Kwa hivyo gharama zikipanda, kampuni ina njia mbili. Inaweza kupandisha bei, na kila mtu ataona, na X itawaka siku hiyohiyo. Ama inaweza kuacha bei pale na kugusa vitu vingine: MB, masaa, programu gani inaruhusiwa. Ya pili haina kelele. Hakuna anayeandamana kwa sababu ya saa nne usiku.

Na pia mambo mazuri yapo. Oktoba 2019 Safaricom ilileta bando zisizoisha muda, baada ya watu kulalamika miaka mingi kwamba data waliyolipia inakufa usiku wa manane kama maziwa. Starlink walipoingia Kenya Julai 2023 na mwaka uliofuata wakaanza kushusha bei, ghafla waya za nyumbani za wengine zikaongezwa kasi bila kuongezwa bei. Hata hayo ni mabadiliko ya kifurushi. Tofauti ni kwamba wakiongeza, wanaweka bango barabarani. Wakipunguza, wanatuma meseji katikati ya kubeti.

Hapo ndipo mimi nina shida. Sidai bando ya bure. Biashara ibadilishe inavyotaka. Lakini ukibadilisha kilicho ndani, badilisha jina. Usiniuzie kitu kipya kwa jina la kitu cha zamani, kwa sababu unajua vizuri sana kwamba mimi nabonyeza kwa mazoea. Au basi, siku thelathini za kwanza, kabla sijathibitisha, niwekee mstari mmoja: zamani ilikuwa hivi, sasa ni hivi, bonyeza 1 kuendelea. Mstari mmoja tu. Kama wanaweza kuniambia jina langu na kunitakia siku njema, hiyo haiwashindi.

Tena hii si huruma tunaomba. Kipengele cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu kile anachonunua. Kuna Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012. Kuna Mamlaka ya Mawasiliano ambayo inapokea malalamiko. Na tangu Aprili 2011 unaweza kuhama mtandao na ukabaki na namba yako. Wangapi kati yetu tumewahi kufanya moja ya hayo? Mimi, sufuri. Tunaandika "hii kampuni ni wezi", tunapata likes zetu, halafu tunabonyeza namba ileile asubuhi.

Nilipomwambia Mama stori yote, hakuilaumu kampuni. Aliniuliza, "Kwani hukuangalia?" Nikaanza kumweleza mambo ya menyu na masharti, akanikata: "Muuza mahindi pia hakuambii kitako kimebonyea. Ndiyo maana unageuza." Niliumia, kwa sababu alikuwa na haki. Lakini pia nikamwambia, Mama, wewe ukigeuza gorogoro unaona. Mimi nageuza nini?

Sasa hivi nimeanza tabia mpya. Nikinunua bando napiga picha ya ule ujumbe wa kuthibitisha. Nina folda yake. Wiki ya tatu hii, na tayari kuna moja iliyobadilisha masaa bila kubadilisha jina. Nikifikisha mwezi nitazipeleka kama malalamiko rasmi, kwa mtandao kwanza, wakinyamaza naenda kwa Mamlaka. Kama una zako, anza kuweka. Malalamiko ya mtu mmoja ni kelele, lakini tukipeleka mia zenye picha na tarehe, mtu atalazimika kufungua faili.

Usiku ule wa kumuse, saa nne ilipofika, zile GB 1.5 za usiku zikafunguka. Nilikuwa nimekaa nje ya nyumba ya kukhu, wengine wamelala. Nikamtumia Baba Mdogo rekodi yote, vipande sita. Saa za Doha na zetu ni sawa, kwa hivyo kwake pia ilikuwa usiku, na asubuhi alikuwa na zamu. Nikaona alama za kusoma zikiwaka kimoja kimoja, hadi cha sita, kile mzee anauliza yuko wapi.

Akaandika: "Nimeona, mwanangu. Asante. Lakini nilitaka anikute nimekaa."

Sikujua nijibu nini. Bado nilikuwa na GB moja, na ilikuwa iishe saa kumi na mbili.