"Jum." ni siku gani?



Juzi rafiki yangu aliniletea mwongozo wa programu ya kuweka hesabu za dagaa, niupitie kabla haujafika kwa wafanyabiashara wa Mwaloni, Kirumba. Nikaanza na makosa madogo: "hifazi", "asanti"... Mara nakutana na hili: "Futa orodha ya wadaiwa." Alikusudia "Fuata". Herufi moja tu, na mama wa watu anafuta madeni yake yote!

Kwenye tarehe ndiyo balaa. Siku zimekatwa herufi tatu tatu, kama wafanyavyo Waingereza. Sasa hesabu mwenyewe: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Zote tano ni "Jum."! Shangazi yangu anauza kwa mkopo. Mteja akiandikiwa alipe "Jum.", atalipa lini?

Wakati dawa tunayo siku zote kwenye meseji: J1 ni Jumamosi, J2 Jumapili, mpaka J5 Jumatano. Alhamisi na Ijumaa zinajitegemea. Hata Linux ya Kiswahili inafupisha hivyo. Na tangu mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, hatuna tena kisingizio kwamba kompyuta haijui lugha yetu.

Nimemrudishia kurasa zimejaa wino mwekundu. Amenuna. "Ni herufi tu hizo," anasema.

Anune tu, yatapita. Deni likishafutwa, mdaiwa hatamkumbusha shangazi.

Alamsiki.