Nilimwita Mumewe

Nilimpigia simu mume wa mteja wangu nikamwalika ofisini, ilhali mteja mwenyewe alikuwa ameshaniambia kwamba mume huyo humpiga. Kosa langu ni hilo, na nimelitaja mwanzo ili msomaji asidhani nalizunguka. Sikulazimishwa na mtu. Sikukosa mafunzo. Nilikuwa na diploma ya ushauri nasaha, imetundikwa ukutani ndani ya fremu, na sikuwa na shaka kwamba najua ninachofanya. Yanayoweza kumtambulisha mama yule nimeyabadilisha au nimeyaacha. Yangu nayasema kama yalivyokuwa.

Kabla ya hapo nilikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, nikisoma jioni. Wenzangu walizoea kunimwagia shida zao wakati wa chai, nikaamini nina kipaji. Nilipohitimu niliacha kazi, nikakodi chumba Changamwe juu ya duka la dawa, nikaweka viti viwili, saa ya ukutani na boksi la tishu. Wateja walikuwa wa kuhesabu, maana kumlipa mtu ili akusikilize bado ni jambo geni kwa wengi wetu. Vijana wa duka la dawa walipomwelekeza mtu juu walimwambia, "Kamwone daktari." Sikuwasahihisha. Jina hilo lilinipendeza.

Chuoni tulikuwa tumeonywa kwamba mshauri anayeanza asikae bila msimamizi, yaani mshauri mzoefu ambaye unampelekea kazi yako mara kwa mara, bila kutaja majina ya wateja, naye anakuhoji ulisema nini, kwa nini, na uliacha nini. Niliulizia ada. Kikao kimoja kingemeza malipo ya wateja kadhaa. Nikasema nitaanza mambo yakitengemaa. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu.

Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Darasani tulifanya mazoezi watatu watatu: mmoja mshauri, mmoja mteja, mmoja mtazamaji. Mtazamaji hasemi neno. Anaandika kila unapomkatiza mteja, kila unapomtilia maneno kinywani, kila unapokimbilia kutoa suluhisho. Mimi nilikuwa nakimbilia suluhisho kila mara, na karatasi za watazamaji wangu zilisema hivyo tangu muhula wa kwanza. Nilipopata chumba changu nilifurahi kwamba hapana kiti cha tatu.

Na kuna jingine. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inamtaka anayefanya kazi hii Kenya awe amesajiliwa. Nilikuwa bado, na nilijipa moyo kwamba hakuna anayeuliza.

Mama yule alipokuja mara ya kwanza alilalamika kuhusu kukosa usingizi. Aliporudi, alipandisha mkono wa buibui akanionyesha alama, akasema mumewe humpiga. Hakutaka kuondoka kwake, wala hakutaja polisi. Aliniuliza, "Daktari, nifanyeje asikasirike?"

Swali hilo pekee lingetosha kunizindua. Mtu anayepigwa, ambaye fikra zake zote ziko katika hasira za anayempiga, haishi katika ugomvi wa ndoa. Anaishi katika hofu, na kila neno atakalolisema mbele ya mumewe lina gharama. Lakini mimi nilikwisha kuona suluhisho. Nikamwambia, "Dada, tumwite tuzungumze watu wazima." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe ndiye unayejua." Nikahesabu kwamba ameridhia.

Mume alikuja kwa wakati, mpole, akanipa mkono na kuniita mzee ingawa ni rika langu. Nilimhimiza mama afunguke. Akafunguka: kipigo, pesa ya chakula inayozuiwa, simu inayopekuliwa. Mume aliinamisha kichwa, akasema shetani alimpitia, akaomba msamaha. Nikawashikanisha mikono. Kwenye faili niliandika, "Wamepatana." Jioni hiyo nilitembea kifua mbele.

Mama yule hakurudi. Aliyekuja baadaye ni dada yake. Alinieleza kwamba usiku ule ule mume alimpiga kwa kila alilolisema mbele yangu, akimkumbusha moja baada ya jingine, na kwamba sasa dada yake yuko kwa wazazi pamoja na watoto. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Kaka, dada yangu alikuja kwako kujificha. Wewe ukamfichua."

Alipoondoka nilifungua madaftari yangu ya chuo. Kanuni ilikuwemo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: palipo na ukatili, usiwaweke wanandoa chumba kimoja, msikilize kila mmoja peke yake na tazama usalama kwanza. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwa ujinga. Nilichofanya ni kuacha nilichosomea na kurudi kwenye nilichokulia. Nimekulia kwenye mabaraza ya wazee, ambako mume na mke huketishwa, kila mmoja akasema lake, kila mmoja akaambiwa apunguze, wakapeana mikono. Baraza lina heshima yake pale wawili wanapogombana wakiwa na nguvu sawa. Kipigo si ugomvi. Anayepigwa ukimwambia apunguze, apunguze nini?

Wala sikukutana na jambo la nadra. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Mshauri anayefungua mlango leo atampokea mmoja wao mapema, pengine akiwa amekuja kwa habari ya usingizi au maumivu ya kichwa. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya kumlinda. Ipo namba ya simu ya msaada, 1195, isiyotozwa pesa. Lipo dawati la jinsia katika vituo vya polisi, ipo fomu ya polisi ya kurekodi majeraha, iitwayo P3, yapo matibabu hospitalini. Sikumtajia mama yule hata kimoja. Nilikuwa na boksi la tishu.

Nilifunga chumba, kisha nikamtafuta msimamizi, jambo ambalo lingepasa kuwa la kwanza. Ni mama mtu mzima, mwenye maneno machache. Nilimsimulia yote nikitarajia faraja. Akaniuliza, "Alipokwambia wewe ndiye unayejua, ulimtazama usoni?" Nikasema sikumbuki. Akasema, "Basi, mwanangu, hukuwa naye. Ulikuwa na sifa zako." Nilitaka kumfuata mama yule nimwombe radhi. Alinikataza. Alisema ningekwenda kutafuta nafuu yangu, na ningeweza kumwongezea hatari. Nikampelekea dada yake namba za msaada na ujumbe mmoja tu: kosa ni langu, si la aliyesema ukweli.

Nilijisajili, nikarudi kazini chini ya usimamizi, na hata leo nalipa ada ile niliyoiona ghali. Vijana wa duka la dawa nimewaambia mimi si daktari. Karibu kila kikao msimamizi wangu hunikamata nikikimbilia suluhisho, kama walivyonikamata wale watazamaji wa darasani. Tabia haijaisha. Tofauti ni kwamba sasa yupo wa kuiona kabla haijamfikia mteja.

Wewe uliyehitimu juzi, diploma hiyo imekupa ruhusa ya kuanza, haijakupa ruhusa ya kuwa peke yako. Usikodi chumba kabla hujapata msimamizi. Jisajili. Ziweke mezani namba za msaada kabla ya kuweka jina lako mlangoni. Usimwite mtu mwingine kwenye siri ya mteja mpaka umemuuliza, peke yake na bila haraka, nini kitampata yeye mteja iwapo mtu huyo atajua. Na akikujibu kwamba wewe ndiye unayejua, ujue bado hajaridhia.

Na wewe unayekwenda kwa mshauri, muulize mambo mawili kabla hujaketi: amesajiliwa wapi, na nani anasimamia kazi yake. Akikasirika, ondoka. Mimi wakati ule ningekasirika.