Nilitukana Gwarideni, Nikaomba Radhi Ofisini

Kwa miaka sita nilitembea na kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati, hata Jumapili kanisani. Kila asubuhi, saa moja na nusu ikigonga, nilichukua rula nikapiga mstari katika daftari la mahudhurio ya walimu. Aliyechelewa aliandika jina lake chini ya mstari. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi si mbali na Garsen, na niliamini kwamba mstari ule ndio uliosimamisha shule.

Mei 2018 mto ulijaa. Kwetu mafuriko yana kioja chake: mvua hunyesha huko bara, bwawa la Masinga likajaa mpaka likatapika, kisha maji yakachukua siku kadhaa kuteremka kupita Garissa na Hola. Yakifika deltani, mara nyingine jua linawaka na mbingu haina hata wingu. Mgeni hawezi kuelewa kwa nini watu wanahama siku nzuri kama hiyo.

Tulikuwa na mwalimu mmoja wa kike, Mworma, aliyeishi upande wa pili wa mto. Alikuwa mwalimu wa BOM, yaani ameajiriwa na bodi ya shule, si Tume ya Walimu. Mshahara wake ulitokana na michango ya wazazi, shilingi 6,000 mwezi ukiwa mzuri. Alifundisha Hisabati darasa la nne. Kuvuka kwake kulikuwa kwa mtumbwi, na wakati wa mafuriko mtumbwi hauna habari na kengele ya shule; mwenye pondo hungoja abiria watimie, kisha autazame mkondo mpaka roho yake iridhike. Wiki ile mwalimu huyu aliandika jina chini ya mstari siku nne mfululizo.

Ijumaa tulikuwa gwarideni, bendera imeshapanda, alipoingia langoni. Viatu alivishika mkononi. Buibui lilikuwa limelowa mpaka magotini na matope yamemganda miguuni. Alikusudia kupita nyuma ya mistari kimyakimya. Mimi nikanyamaza kwa makusudi mpaka kila mtoto akageuka kuona kilichoninyamazisha. Kisha nikasema, "Mwaona? Watu wa ng'ambo hawajui saa."

Watoto wakacheka. Si wote. Nilipozitazama safu za darasa la saba, ningeweza kukuambia huyu ni wa wapi na yule ni wa wapi kwa kuangalia meno tu.

Miaka mingi nimejitetea kwamba ng'ambo niliyoitaja ni ng'ambo ya mto. Mimi ni Mpokomo, mtu wa mto. Kwetu ng'ambo ni neno la kila siku kama jembe. Lakini hili ni ungamo, si utetezi. Nilijua neno hilo lina uzito gani kati yetu na Waorma. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa kijijini Riketa, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma, na majuma yaliyofuata moto ukaenda Chamwanamuma na Kilelengwani, ukala Wapokomo na Waorma, hata polisi. Septemba ile walimu nchi nzima tulikuwa tumegoma. Mgomo ulipokwisha tukarudi shuleni, tukakaa chumba kimoja cha walimu, meza moja, birika moja la chai, kila mmoja akiwa na jamaa aliyezika au aliyekimbia. Tulijifunza upya namna ya kuombana sukari. Nilikuwapo. Miaka sita baadaye nikasimama mbele ya watoto nikalitamka neno lile nikiwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika huchagua jiwe linaloumiza.

Jumatatu naibu wangu, mama mtu mzima, alikuja ofisini akasimama bila kukaa. "Mwalimu, lile la Ijumaa halikukaa vizuri." Hakuongeza.

Nikamwita yule mwalimu. Nikafunga mlango. Nikaagiza chai iletwe katika kikombe cha udongo cha wageni. (Walimu wa BOM, mpishi na mlinzi walinywea vikombe vya plastiki, nani alianzisha utaratibu huo sijui, ila niliukuta na nikauacha.) Nikamwambia, "Unisamehe, mwalimu. Ulimi hauna mfupa."

"Yameisha, mwalimu," akasema. Chai hakuigusa, ikaanza kufanya utando juu. Kisha akasema, taratibu, "Ila tuko kwenye mada ya saa na dakika. Watoto wananiuliza kama kweli mimi sijui saa."

Nikamjibu: "Ni watoto. Watasahau."

Hapo ndipo kosa langu lilipo hasa, kuliko hata lile la Ijumaa. La Ijumaa lilitoka kwa hasira. Hili nililitoa nimekaa, nimetulia, na chai mbele yangu. Alichokuwa akiomba kilikuwa kidogo: nirudi pale pale, mbele ya masikio yale yale, niseme nimekosa. Nilimtukana mbele ya watoto wote, nikamwomba radhi mbele ya kabati la faili. Kengele za gwaride zililia wiki baada ya wiki, nami nikasimama chini ya bendera nikihutubia kucha ndefu na takataka za uwanjani. Niliogopa kwamba watoto wakimwona mkuu amejishusha, nidhamu itakwisha. Nami ndiye niliyefundisha Masomo ya Jamii darasa la nane! Ibara ya 28 ya Katiba, kwamba kila mtu ana hadhi yake na haki ya hadhi hiyo kuheshimiwa, nilikuwa nikiwakaririsha watahiniwa.

Na angenishtaki wapi? Mwalimu wa Tume ana chama na ana taratibu za kufuata. Yeye mwajiri wake ni bodi, na katibu wa bodi kisheria ni mwalimu mkuu. Barua yake ya malalamiko ingepokelewa na mimi, nikaigonga mhuri, nikaisoma kikaoni. Nafikiri alilifahamu hilo kabla yangu.

Muhula wa tatu hakurudi. Hakuna aliyemfukuza, naibu aliniambia tu kwamba amepata kibarua cha kuuza dukani. Darasa la nne nikampa mwalimu mwingine.

Nilipohamishwa ilinibidi kukabidhi madaftari yote, nikayapitia moja moja. La Mei 2018 bado lilikuwa na mistari yangu, imenyooka. Desturi yetu ilikuwa kwamba aliyechelewa aandike na saa aliyofika, kwa saa ya Kizungu. Mwezi mzima, walimu wenzake waliojikuta chini ya mstari, wa Tume na wa bodi, wameandika 7:30, 7:30, 7:30. Mmoja aliyefika wakati wa mapumziko naye ameandika 7:30, na mimi nikaweka sahihi.

Yeye ameandika 7:34. Siku ya pili 7:41. Kisha 7:38, kisha 7:46.