Gazi na Vilima vya Shimba

Msafiri avukapo kivuko cha Likoni na kushika njia ya kusini huiona nchi ya Kwale imepangika mfano wa ngazi. Chini ni pwani ya matumbawe na minazi, Diani hata Msambweni. Juu ni vilima vya Shimba, makao ya palahala, na humo hutoka chemchemi ya Marere, ambayo maji yake hunywewa hata Mombasa.

Vilima hivyo vilikuwa ngome pia. Seyyid Said alipowaondoa Mazrui Mombasa mwaka 1837, tawi moja lilihamia Gazi, kijiji cha ghubani kaskazini ya Msambweni. Huko alitawala Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895. Boma lake la vilimani, Mwele, lilitwaliwa mwezi wa Agosti, lakini yeye hakupatikana. Na mtu aijuaye misitu ile, nani atamkamata? Mwezi wa Aprili 1896 alivuka mpaka, akajitia mikononi mwa Wajerumani.

Mpaka huo mataifa mawili yalipatana mwaka 1886 pasipo kuwauliza Wadigo, ambao hata leo wana jamaa zao upande wa Tanga. Mbaruk alipata kimbilio. Wao walipata nchi iliyokatwa.

Siku hizi Gazi yajulikana kwa mikoko. Tangu mwaka 2013 wenyeji, pamoja na jirani zao wa Makongeni, hulipwa kwa kuihifadhi, na fedha hizo zimeleta maji na vitabu vya shule.